Kanisa Kuu la Ani Lisijengewe Kuba Jipya

Kila panapozungumzwa ukarabati wa Kanisa Kuu la Ani, hujitokeza watu wanaotamani lirudishiwe kuba lake lililoanguka katika tetemeko la ardhi la mwaka 1319. Nayaelewa matamanio hayo, lakini siyaungi mkono. Kwa maoni yangu, kanisa hili liimarishwe lisiendelee kubomoka, na pale kuba lilipokuwa pabaki wazi.

Ani ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Waarmenia wa nasaba ya Bagratuni, na magofu yake leo yamo mashariki mwa Uturuki, kwenye ukingo wa mto Akhurian ambao ndio mpaka wa nchi hiyo na Armenia. Mfalme Smbat wa Pili alianza kulijenga kanisa mwaka 989 na akafariki muda mfupi baadaye, kazi ikaendelezwa na Malkia Katranide, mke wa Gagik wa Kwanza, hadi ikakamilika mwaka 1001. Maandishi yaliyochongwa kwenye ukuta wa kusini yanamtaja malkia huyo. Msanifu wake alikuwa Trdat, yule yule aliyeitwa Konstantinopoli kulitengeneza kuba la kanisa la Hagia Sophia baada ya kuharibiwa na tetemeko la mwaka huo huo wa 989.

Ustadi wa Trdat huonekana zaidi ndani. Nguzo nne zilizolibeba kuba hazikuachwa ziwe mapande mazito ya mraba. Kila moja imechongwa ikaonekana kama fungu la nguzo nyembamba zilizoshikana, na kila mstari wake unapanda moja kwa moja hadi kukutana na tao lake, ambalo kileleni limechongoka kidogo. Ukutani nyuma ya altare vimepangwa vidaka kumi kwa umbo la nusu duara. Wako wanaodai kwamba mtindo wa ujenzi wa Gothiki wa Ulaya, wenye matao yaliyochongoka, uliochipuka zaidi ya karne moja baadaye, uliiga hapa. Ushahidi wa dai hilo ni mdogo, na sioni kwa nini kazi ya Trdat isubiri kuthibitishwa na makanisa ya Ufaransa ndipo ipewe heshima yake.

Kuta zenyewe ni somo. Waashi wa Kiarmenia walisimamisha nyuso mbili za vibao vya jiwe la volkeno, jepesi na rahisi kuchonga, kisha katikati wakamimina chokaa iliyochanganywa na vipande vya mawe. Chokaa hiyo ikishakauka ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Ndiyo maana, katika magofu ya Ani, utakuta ukuta uliobanduka vibao vyake vyote vya nje na bado umesimama, moyo wake mkavu ukiwa wazi kwa mvua na theluji.

Hapo ndipo hofu yangu inapoanzia. Tetemeko la mwaka 1988, lililouteketeza mji wa Spitak upande wa Armenia, liliiangusha pembe ya kaskazini-magharibi ya kanisa hili. Kuzitwisha nguzo zenye umri wa miaka elfu moja uzito mpya wa mawe, katika eneo linalotetemeka namna hiyo, ni kuhatarisha kile kilichosalia kwa ajili ya kitu ambacho umbo lake kamili tutalikisia tu. Toros Toramanian, msanifu wa Kiarmenia aliyeshiriki katika uchimbaji wa mwanaakiolojia Nikolai Marr, alipima na kuchora majengo mengi ya Ani, na kwenye karatasi ndipo mahali salama pa kukisia, kwa kuwa mchoro wenye kosa huchorwa upya bila kuumiza ukuta wowote.

Isitoshe, jengo hili limepita mikono mingi. Alp Arslan, sultani wa Waturuki wa Seljuk, alipouteka mji mwaka 1064 liligeuzwa msikiti, na karne iliyofuata likarudi kwa Wakristo chini ya Wageorgia. Kulirudisha katika hali ya mwaka 1001 ni kufuta yote yaliyofuata.

Tangu mwaka 2016 Ani umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo wajibu wa kuutunza uko bayana. Fedha zilizopo zielekezwe kwenye pembe iliyoanguka, na kwenye kuziba vichwa vya kuta kwa chokaa ya aina ile ile ili maji yasipenye na kuganda ndani wakati wa baridi. Na maelezo yanayowekwa mlangoni yaandikwe kwa Kiarmenia pia, yakiwataja Trdat na Katranide kwa majina na kusema wazi kwamba walikuwa Waarmenia.