"Msiwe na Mawazo": Ushauri wa Kliniki Unaoishia Njiani

Ukiwahi kliniki ya presha na sukari hapa Moshi, kabla daktari hajaanza kuita majina utamkuta nesi amesimama mbele ya mabenchi akitoa elimu ya afya. Punguzeni chumvi. Tembeeni angalau nusu saa. Dozi msiruke. Kisha, kama kiitikio: "Na msiwe na mawazo." Hapo mama muuza ndizi wa Mbuyuni humgeukia jirani yake: "Niyaache wapi, na marejesho ni Ijumaa?"

Nesi hakukosea. Mtu akiingiwa na hofu, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, ini linaachia sukari kwenye damu. Kama umekutana na mbwa mkali, hali hiyo inapita. Mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, hana pa kukimbilia. Anaamka nayo na kulala nayo, usingizi unakatika, na ile dozi aliyoambiwa asiruke anaisahau. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, inahesabu akili na maisha ya mtu katika jamii kuwa sehemu ya afya, sawa na mwili. Mwaka 1977 daktari Mmarekani, George Engel, aliwaandama wenzake waliokuwa wakitibu kiungo na kumsahau mwenye kiungo.

Ila kauli hiyohiyo ina madhara yake, na vidonda vya tumbo ni ushahidi. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walifundisha kwamba vinaletwa na mawazo na vyakula vikali. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall, wa Perth, Australia, wakawaotesha maabara bakteria Helicobacter pylori waliotoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Waliposema bakteria hao ndio wanaoleta vidonda, hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa maji yenye bakteria hao, ukuta wa ndani wa tumbo lake ukavimba, na 2005 wawili hao wakapewa Nobel. Leo bakteria hao hutibiwa kwa antibiotiki. Huku kwetu mtu akishika tumbo bado anaambiwa "mawazo hayo", anakunywa juisi ya kabichi na kupima hapimi. Hakuna anayemuuliza kuhusu diklofenaki anazomeza kila siku kwa ajili ya mgongo, nazo pia huchimba vidonda.

Halafu kuna Loliondo. Mwaka 2011 magari yaliunga foleni ya kilomita nyingi kwenda kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa dawa yake ya miti, kikombe shilingi 500. Wapo waliorudi Arusha wakisema wamepona, na sidhani wote walidanganya. Anayetarajia nafuu huweza kweli kuhisi maumivu yamepungua. Daktari Mmarekani, Henry Beecher, aliliandika hilo mwaka 1955, na mjadala uliopo ni wa kiasi tu. VVU lakini havijali matarajio ya mtu, na walioacha ARV kwa sababu ya kikombe walilipa gharama yake. Mpaka huo ndio sijausikia ukifundishwa kwenye mabenchi: akili inagusa maumivu, usingizi, presha na uchovu, kirusi haikiui.

Kwa hiyo niko upande wa nesi katika jambo, si katika namna anavyolisema. Amri haimsaidii mama wa ndizi. Swali lingemsaidia: "Unalalaje siku hizi?", aulizwe mara mashine ya presha inapomaliza kupima. Akisema kifua kinambana, moyo upimwe kwanza, mawazo yazungumzwe baadaye. Nimeona wanawake ndio wanaowahishwa zaidi kuambiwa ni mawazo.

Najua pingamizi: benchi limejaa, nesi ni mmoja. Kumwelekeza mgonjwa kliniki ya akili nako hakusaidii sana, maana wengi wataogopa kuonwa wakiingia mlango ule. Swali la usingizi halichukui muda kuliko kupanda mzani. Kazi iko kwenye jibu. Mama akisema halali kwa sababu ya mkopo, nesi hana kidonge cha hilo, ila angalau daktari ataelewa kwa nini presha haishuki kabla hajaongeza dozi.