Nani kasema nusu ya nyumbu wamekufa?

Ule utafiti wa satelaiti wa Septemba 2025 bado unazunguka kwenye magrupu, na kila ukirudi unarudi na kichwa kile kile: nusu ya nyumbu wa Serengeti wametoweka. Juzi nimetumiwa tena, safari hii na mtu ninayemheshimu sana, naye akaongeza chini yake lawama kwa askari wa hifadhi. Nimeshindwa kunyamaza.

Watafiti walichukua picha za satelaiti za 2022 na 2023, wakaifundisha kompyuta kumtambua nyumbu, ikahesabu. Ikapata pungufu ya 600,000. Sisi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 tumezoea kusikia milioni moja na laki tatu, idadi iliyotokana na sensa za kuhesabu wanyama kutoka kwenye ndege. Mtu akazichukua namba hizo mbili, akatoa moja kwenye nyingine, akapata mizoga laki saba. Iko wapi hiyo mizoga? Watafiti wenyewe hawakusema nyumbu wamekufa. Walisema hesabu yao ni ndogo kuliko ile iliyozoeleka, na wakaonya kwamba hilo peke yake si ushahidi wa vifo.

Ndege na satelaiti haziwaoni wanyama kwa namna moja. Ndege inakata mbuga kwa mistari iliyonyooka, kamera inapiga picha vipande vipande, watu wanakaa kuhesabu vichwa kwenye picha, kisha jumla inazidishwa ili kufidia eneo ambalo halikupigwa. Sasa nyumbu hawajipangi kama mahindi shambani. Wanajazana hapa, pale pakabaki patupu. Mstari ukipita katikati ya kundi, makadirio yanapaa. Ukipita pembeni, yanashuka, na hakuna mnyama hata mmoja aliyezaliwa wala kufa. Satelaiti nayo inalifunika eneo kubwa kwa mara moja, ila aliyesimama chini ya mgunga haimwoni, na aliye mbugani ni vidoa vichache tu kwenye picha. Kila njia ina upofu wake. Ndiyo maana namba ya sensa hutoka na wigo wa makosa, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo idadi halisi inakadiriwa kuwemo, na ndiyo maana naumia nikiona vyombo vya habari vinaukata wigo huo na kutuletea namba tupu.

Kama mnadhani nabishana kwa jambo dogo, kumbukeni tembo wa eneo la hifadhi la Ruaha-Rungwa. Sensa ya 2013 ilikadiria 20,090. Ya 2014 ikasema 8,272. Nchi nzima ikashtuka, na ilikuwa haki kushtuka. Mwaka 2015 wakahesabu upya, wakapata 15,836. Tembo jike hubeba mimba miezi 22, na hata kundi lenye malisho na amani haliongezeki zaidi ya asilimia 7 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo tembo 7,500 hawakuzaliwa kati ya sensa hizo mbili. Ama wanyama walihama, ama mistari ya ndege iliangukia pasipo na makundi. Aliyeishia kusoma ya 2014 alibaki na picha isiyo kamili, na wako wanaoinukuu mpaka leo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maneno haya haya ya makosa ya sensa yanaweza kuwa kichaka cha kujifichia. Hifadhi ya Selous ilikuwa na tembo wapatao laki moja katikati ya miaka ya 1970. Sensa ya 2013 ilikuta takribani 13,000. Pengo kama hilo hakuna wigo wa makosa unaoweza kulimeza. Wale tembo waliuawa. Lakini tulilijuaje? Kwa sababu ndege zilirudi, na zikarudi tena, kwa miaka karibu arobaini.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kurudi. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 250,000. Kila waliporudi kuhesabu, namba ilikuwa imepanda, mpaka ikavuka milioni. Nyati nao walipanda. Pundamilia, wanaokula nyasi za mbuga hiyo hiyo na kuliwa na simba hao hao, hawakupanda. Kama ni mvua, mbona haikuwanufaisha pundamilia? Kama ni majangili kupungua, mbona pundamilia walibaki pale pale? Jibu likawa sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika Mashariki karibu na 1890, ukafagia ng'ombe na kuwaachia wafugaji njaa ya kutisha, kisha ukaendelea kuua ndama wa nyumbu na nyati kwa miongo. Pundamilia haumpati. Ng'ombe waliokuwa wakiishi kuzunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka porini, na nyumbu wakaongezeka. Nyumbu wakala nyasi, moto ukakosa cha kuchoma, miti ikaanza kurudi. Yote hayo yalionekana kwa sababu watu walihesabu spishi kadhaa, mahali pamoja, miaka mingi, bila kujua mapema wanatafuta nini. Chanjo ya ng'ombe wa mfugaji ndiyo iliyolijaza pori! Hesabu ya mwaka mmoja isingekufundisha hilo hata ungekuwa na satelaiti mia.

Upande wa Maasai Mara, Kenya, ni hivyo hivyo. Nyumbu wa nyanda za Loita walikuwa kama 119,000 mwaka 1977, wakabaki kama 22,000 mwaka 1997, wakati nyanda walikozoea kuzalia zikigeuzwa mashamba ya ngano. Hesabu na ramani ya makazi zilikwenda pamoja, ndiyo maana sababu ilijulikana.

Siipingi satelaiti. Mtafiti Mjerumani Michael Grzimek alikufa Januari 1959, akiwa na miaka 24, ndege yake ilipogongana na tai mla mizoga wakati yeye na baba yake wakiwa katika kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti. Chombo kinachohesabu bila kumweka mtu angani nakikaribisha kwa mikono miwili. Ninachotaka ni kwamba ndege na satelaiti zipite wiki moja, juu ya mbuga zile zile, kwa misimu kadhaa mfululizo, ili tujue namba ya huku inalinganaje na ya kule. Fedha za kazi hiyo zitengwe kabla ya kupatikana habari ya kutisha, siyo baada yake. Na matokeo yatoke kwa Kiswahili, pamoja na wigo wake wa makosa, yawafikie hata wale askari wanaolaumiwa kwenye magrupu kwa vifo ambavyo hakuna aliyevithibitisha.