Unyonyaji si wizi: Locke, Marx na mkataba wa kazi

Msomaji wa Kiswahili kwa kawaida huukuta Umaksi kupitia neno "unyonyaji", na neno hilo humpoteza njia. Katika lugha ya siasa iliyoenea Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji alikuwa kupe: anashiba kwa jasho la mwenzake, basi ni mwizi. Kwa picha hiyo ugomvi wa Umaksi na uliberali, falsafa inayotetea uhuru wa mtu na mali yake, unakuwa mwepesi mno. Mliberali anawatetea wenye mali, Mmaksi anataka kilichoibwa kirudishwe. Lakini Karl Marx mwenyewe, Mjerumani aliyeanzisha Umaksi, katika juzuu la kwanza la kitabu chake Das Kapital (1867), hasemi kwamba bepari anaiba. Anasema bepari amelipa bei kamili ya alichonunua, na kwa kipimo cha soko muuzaji hakudhulumiwa.

Hesabu yake ni hii. Mwenye kiwanda cha nyuzi ananunua ratili 20 za pamba kwa shilingi 20. Vifaa vya kusokotea vinachakaa kwa thamani ya shilingi 4. Mfanyakazi analipwa shilingi 3 kwa siku. Jumla ni shilingi 27, na nyuzi zinauzwa shilingi 30. Hizo 3 za juu zimetoka wapi, ilhali kila kitu kimelipiwa? Marx anatenganisha kazi na nguvukazi. Kinachouzwa langoni pa kiwanda ni nguvukazi, yaani uwezo wa kufanya kazi siku nzima, na bei yake ni gharama ya kumfanya mtu aamke kesho akiwa mzima na kulea wanawe. Saa 6 za kusokota zinatosha kurudisha zile shilingi 3. Siku aliyoinunua bepari ina saa 12. Wangeishia saa 6, kwa nusu ya pamba na nusu ya uchakavu, angetoa shilingi 15 na kuuza kwa shilingi 15, akarudi nyumbani mikono mitupu. Saa 6 za pili ndizo zinazozaa thamani ya ziada, na kiwango chake ni 3 juu ya 3, sawa na asilimia 100.

Mliberali akiisoma hesabu hii anauliza: kosa liko wapi? Watu wazima wawili wamekubaliana na hakuna aliyeshikiwa rungu. Mmoja amelipa leo kwa nyuzi zitakazouzwa baada ya miezi, basi subira yake ina bei. Pamba ikiungua, hasara ni yake na ujira umeshalipwa, basi hatari aliyobeba nayo ina bei.

Pigo zito zaidi kwa hesabu hiyo lilitoka kwa mwanauchumi wa Austria, Eugen von Böhm-Bawerk, mwaka 1896. Chukua viwanda viwili, kila kimoja kina mtaji wa 100. Cha kwanza kinatumia 80 kwa mitambo na malighafi na 20 kwa ujira; cha pili 60 na 40. Kama ziada ni asilimia 100 ya ujira, cha kwanza kinapata faida ya 20 na cha pili 40. Nani basi atabaki kwenye cha kwanza? Mitaji itahama hadi faida zisawazike kwenye 30, na bidhaa za kila kimoja zitauzwa 130, ingawa thamani yake kwa kipimo cha kazi ni 120 na 140. Marx alilijua hilo. Juzuu la tatu, lililotolewa na rafiki yake Engels mwaka 1894, linajibu kwamba jumla haibadiliki, 260 kwa 260. Jibu hilo ni dhaifu. Kama thamani ya kazi haielezi bei ya bidhaa yoyote peke yake, inaeleza nini? Hapa, kwa maoni yangu, Umaksi ulishindwa kama nadharia ya bei.

Haukushindwa kama falsafa. Mwanafalsafa Mmaksi G. A. Cohen alionyesha mwaka 1979 kwamba shutuma ya unyonyaji inaweza kusimama hata bila nadharia hiyo ya thamani. Shutuma yenyewe inauliza ni nini kilichomfikisha mtu langoni akiwa hana cha kuuza isipokuwa nguvu zake.

John Locke, baba wa uliberali wa mali, alisema katika kitabu kilichotoka mwaka 1689 kwamba mtu humiliki ardhi na matunda kwa kuchanganya kazi yake na vitu vya asili, mradi wengine wabakiziwe vya kutosha na vizuri kama hivyo. Lakini katika sura hiyo hiyo anasema mabonge ya udongo wenye nyasi aliyoyakata mtumishi wangu ni mali yangu. Kazi ya nani imechanganywa hapo? Locke hasimami kueleza. Kwake mtumishi alishakuwepo, na mkataba wake ulishafungwa.

Marx anaanzia kwa huyo mtumishi. Katika sura ya mwisho ya juzuu la kwanza anakumbusha kisa cha bwana Peel, Mwingereza aliyehamia Swan River, magharibi mwa Australia, na mali ya pauni 50,000 pamoja na watu, 3,000 kwa hesabu ya Marx, wa tabaka la wafanyakazi. Alipofika hakubaki hata na wa kumtandikia kitanda, kwa kuwa ardhi tupu ilikuwa tele na kila mtu alijiendea zake. Fedha na zana haziwi mtaji mpaka awepo mtu asiye na njia nyingine ya kuishi.

Walowezi wa Kenya walilielewa somo hilo bila kumsoma Marx. Ardhi ilitwaliwa, ikaja kodi ya nyumba na ya kichwa iliyodai fedha taslimu, na sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906 ikafanya kutoroka kazi kuwa kosa la jinai. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja kipande, kitambulisho kilichoning'inizwa shingoni kikiwa na kumbukumbu za waajiri. Mliberali ana haki ya kusema kwamba huo ulikuwa ukoloni na uliberali ulikiukwa. Tatizo ni kwamba Uingereza yenyewe ilikuwa ikimfunga jela mfanyakazi aliyevunja mkataba, na haikuacha hadi 1875. Mwajiri aliyevunja mkataba ule ule alifunguliwa kesi ya madai tu, si ya jinai. Uhuru wa mkataba ulikuja nyuma ya mkataba, na kwa kushurutishwa.

Hapo Wamaksi wako imara. Ukiwauliza mfanyakazi anawezaje kuondoka bepari akishaondolewa, wanaanza kuyumba. Amri ya Umoja wa Kisovyeti ya Juni 1940 ilimfanya anayeacha kazi bila ruhusa kuwa mhalifu, na adhabu hiyo ilidumu hadi 1956. Bepari hakuwepo. Alikuwepo mwajiri mmoja, naye ndiye polisi na ndiye mahakama. Si sawa kumbebesha Marx amri ya mwaka 1940, lakini pengo lilikuwepo kwenye nadharia yake, na Bakunin, mwanamapinduzi Mrusi aliyepinga kila dola, alilitaja mapema, mwaka 1873: wafanyakazi wakishatawala hawatakuwa wafanyakazi tena. Marx aliona madaraka ya kisiasa kama kivuli cha madaraka ya kiuchumi, hivyo aliamini kivuli kitaondoka na mti. Alichokisifu kwa Komyuni ya Paris ya 1871, serikali ya muda mfupi ya wafanyakazi wa jiji hilo, wajumbe wanaoweza kurudishwa na wapiga kura na kulipwa ujira wa mfanyakazi, ni kizuri ila hakitoshi. Hakuna ndani yake hakimu anayeweza kuiambia serikali hapana. Waliberali walikuwa na somo hilo tangu Montesquieu (1748), Mfaransa aliyetaka mamlaka ya kuhukumu yatengwe na ya kutawala.

Pande hizi mbili hukaribiana kwenye saa za kazi. Mwanauchumi Mwingereza Nassau Senior alidai mwaka 1837 kwamba faida yote safi ya kiwanda cha pamba hutoka katika saa ya mwisho ya siku ya saa 11 na nusu. Punguza saa moja, faida hiyo itatoweka yote. Sheria ya 1847 iliweka saa 10 kwa wanawake na vijana, na viwanda havikufungwa. Mwaka uliofuata John Stuart Mill, mliberali kamili, alieleza kwa nini sheria ya namna hiyo inaweza kuhalalishwa: wote wanaweza kutaka saa 9, lakini kila mmoja peke yake anafaidika akikubali 10, basi saa 9 hazipatikani bila sheria. Marx anasema mnunuzi ana haki ya kuitumia siku yote, muuzaji ana haki ya kulinda mwili wake, na kati ya haki mbili zilizo sawa nguvu ndiyo huamua. Sheria ni ile ile. Kwa Mill inatimiza hiari ya watu; kwa Marx inaandika matokeo ya pambano.

Ukitaka kuzipima hoja hizi leo, mtazame dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya bosi. Halipwi ujira, yeye ndiye anayempelekea bosi hesabu ya siku, kiasi kilichopangwa, na mafuta ni juu yake. Kinachobaki ni chake. Marx hapati saa 6 za kutenganisha na 6 nyingine, kwa sababu siku haijauzwa. Mliberali naye anapoteza hoja yake ya hatari, maana anayeibeba sasa ni dereva. Mvua ikinyesha kutwa nzima, hesabu haipungui.