Postikodi ya Uingereza na barua ya sheha

Uingereza ukishapewa postikodi ya mtu, yaani herufi na nambari za eneo la anwani yake, njiani huna haja ya kumuamkia yeyote. Unaitia kwenye simu, unaongeza nambari ya nyumba, umefika. Walianza kuzijaribu mjini Norwich mwaka 1959, na ilipofika 1974 nchi nzima ilikuwa imeshagaiwa. Kila postikodi inabeba wastani wa nyumba 15 hivi.

Unguja utaambiwa: teremka Kwa Biziredi, pita msikitini, kisha ulizia kwa fundi cherehani. Fundi mwenyewe keshafariki zamani. Waliokaa barazani watakuhoji unamtaka nani na wewe mtoto wa nani, halafu watakupa kijana akupeleke mpaka mlangoni. (Na jioni mtaa mzima unajua ulifuata nini.)

Lakini kufika ni jambo dogo. Kazi ipo kwenye kuthibitisha unapokaa. Huku Uingereza benki inataka bili ya umeme au karatasi ya kodi ya halmashauri yenye jina lako. Ukiwa umepanga chumba na bili zote ni za mwenye nyumba, basi hukai popote, hata kama jirani anakuona kila asubuhi ukitoka na begi la kazini. Neno la jirani halina thamani kaunta. Kwetu Unguja unakwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anakuandikia barua, kwa kuwa anakujua wewe na wazee wako.

Sheha naye tusimpambe. Mamlaka ya kusema nani mkaazi na nani si mkaazi ni makubwa mno kwa mtu mmoja, na uchaguzi ukikaribia manung'uniko juu ya masheha na daftari la wapiga kura hatuyakosi. Bili ya umeme angalau haikuulizi chama.

Ndiyo maana nambari za anwani za makazi zilizowekwa 2022, kabla ya sensa ya Agosti, mimi naziunga mkono, ingawa wapo wanaoziona urembo wa ukutani. Saa tisa za usiku, mzazi kashikwa na uchungu huko ndani Mwanakwerekwe, barazani hapana mtu wa kumuelekeza dereva wa gari ya wagonjwa.

Ninachokiogopa ni hiki cha huku: bima ya gari inapanda au kushuka kwa postikodi tu, hata kama hujawahi kugonga hata ukuta. Kampuni za bima za kwetu zisije zikajifunza hilo.