Nimekuja Kusoma Kilimo, Nimefelishwa na "Oya"

Siku naaga Mbagala, mjomba alinishika bega akaniambia, "Wewe nenda tu. Rwanda Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017. Utajiona uko Chalinze." Mjomba mwenyewe hajawahi kuipita Chalinze.

Niko Musanze vijijini, chini ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507 unaojifunika wingu asubuhi kama mgonjwa asiyetaka wageni. Nimetoka mji ambao watu wanalala na feni na shuka bado wanaitupa chini. Huku nalala na koti, soksi, blanketi, na juu ya blanketi naongeza taulo. Taulo lenyewe nililifua Jumatatu, leo Ijumaa linatoa maji.

Baridi naivumilia. Kesi yangu ni maneno.

Siku niliyofika, nimesimama barabarani na begi, mvua inapiga, naona pikipiki inakuja. Mtoto wa Mbagala anafanyaje? "Oya! Oya!" Dereva akaniangalia, akatikisa kichwa kwa adabu, akapita. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu nilimpungia mkono kabisa, "Oya, kaka, oya!" Huyo akaongeza mwendo. Mwenyeji wangu, mwanafunzi mwenzangu, alipofika akanikuta nimelowa kama dagaa wa jana. Akaniuliza kwa nini nawafukuza madereva. Kumbe hapa "oya" ni hapana. Nusu saa nzima nimesimama kwenye mvua nawapigia watu kelele: "Hapana! Hapana, kaka, hapana!"

Tukapata pikipiki moja, nikasema tupande mshikaki, mimi, yeye na begi. Dereva aliniangalia kama nimemwomba figo. Abiria mmoja, helmeti moja, basi. Tukalipia pikipiki mbili.

Halafu kuna mama mwenye nyumba. Mama mzuri sana, miaka ya nyuma alikuwa anapeleka viazi Goma, kwa hiyo ana Kiswahili cha sokoni cha kule. Lakini ameamua nijifunze Kinyarwanda kwa nguvu. Asubuhi ya kwanza: "Mwaramutse!" Hiyo nikaidaka, inafanana na mmeamka. Akaendelea, "Amakuru?" Nikajibu nzuri. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole: "Ni meza."

Moyo ukanilipuka. Meza ni yake, kaniazima jana yake, na usiku huohuo nilikuwa nimeweka juu yake sufuria ya moto. Nikasema amejuaje? Nikaona bora nikiri mapema. "Mama, nisamehe, lile duara jeusi ni sufuria, nitalipa."

Akaniangalia. Kisha taratibu akanieleza kwamba "ni meza" maana yake ni nzuri, ndivyo salamu inavyojibiwa. Alipomaliza kunifundisha, akaingia chumbani kwangu kuikagua meza.

Na saa. Hawa wako nyuma yetu kwa saa moja, na mimi nina saa ya mkononi ya urithi ambayo siruhusiwi kuichezea. Wiki ya kwanza nilikuwa nafika darasani peke yangu, gizani, natetemeka, mlinzi ananisifu kwa bidii.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikasema leo nalala. Mlango ukagongwa. Umuganda! Kijiji kizima kinatoka kufanya kazi za pamoja, maduka yamefungwa. Nikapewa jembe tuzibue mtaro. Bibi mmoja, umri wa kuitwa bibi na bibi yangu, akanitazama nikilima dakika mbili, akauliza ninasomea nini. Nikamwambia kilimo. Akawaita wenzake waje waone. Nilitamani nimwambie nasomea sheria.

Ila lililonimaliza ni "ejo". Dirisha langu lina kioo kilichopasuka, upepo wote wa volkeno unapitia kwenye sikio langu la kushoto. Nikamuuliza mama fundi anakuja lini. "Ejo." Nikauliza wenzangu, wakasema ejo ni kesho. Kesho yake nikakaa ndani, nikakosa kipindi, fundi hakuna. Jioni nikamuuliza tena, akasema sentensi ndefu yenye ejo ndani yake. Nikasema, mama, ejo si ndiyo leo? Akacheka mpaka akakaa. Fundi alikuja jana yake nikiwa darasani, hakunikuta na mlango nilikuwa nimefunga. Jana nayo ni ejo! Jana ejo, kesho ejo. Wenyewe wanazitofautisha kwa kitenzi, na mimi vitenzi bado sijafika, niko kwenye salamu na samani.

Nikasema haya, hata mimi nina akili zangu. Jioni ya juzi mama akaja amejifunga khanga mabegani, kasimama mlangoni. "Mwana wanjye, ile meza utalipa siku gani?"

Nikatabasamu. "Ejo, mama."

Akatabasamu zaidi yangu. "Ejo gani? Ile ilipita ao ile itakuya?"