Kabla ya kupiga Windows mara ya tatu

Laptopu ya mtumba imefika kwenye steshenari ya Mtwara mjini, wifi haionekani. Fundi anapiga Windows. Sauti inarudi, wifi hairudi. Anachomeka flashi yake ya mkusanyo wa draiva (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa), anasakinisha kila kinachojitokeza, na mashine inakuwa nzito kwa programu ambazo hakuna aliyeziomba. Anapiga Windows tena. Mwisho mwenye mashine anaambiwa kadi imekufa, anunue kifaa cha wifi cha kuchomeka kwenye USB. Kadi ile huenda ni nzima kabisa, ila hakuna aliyeiuliza.

Ukitaja Linux hapo, mfumo unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, utajibiwa kwamba huko ndiko draiva zinakosumbua zaidi. Miaka ya 2000 jibu hilo lilikuwa na haki yake: watu walilazimika kuchukua draiva ya wifi ya Windows na kuipitisha kwenye programu iitwayo ndiswrapper ili angalau ifanye kazi. Leo hali imegeuka, hasa kwa mashine za zamani. Draiva nyingi zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, zinakuja na mfumo wenyewe. Kwa upande wa Windows, kiwanda kikiacha kutoa draiva ya modeli fulani, kifaa kinaweza kubaki yatima. Draiva iliyokwisha kuingia kwenye kerneli huendelea kurekebishwa pamoja nayo, hata kama kiwanda kimeshaisahau.

Lakini faida kubwa kuliko zote inampata hata asiyetaka kuhama Windows. Chukua flashi ya GB 8, andika faili la Linux Mint (aina mojawapo ya Linux), lenye takriban GB 3, kwa kutumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta. Usilikopi tu kama wimbo, halitawaka. Na kumbuka Rufus inafuta kila kilichomo kwenye flashi. Washa mashine ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Mfumo utawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika lspci -nnk, utafute mstari wa kadi ya wifi. Kama kadi haipo kabisa kwenye orodha, imelegea, imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) au imekufa. Ifungue kwanza, futa miguu yake kwa raba, maana hewa ya chumvi ya pwani hii huila shaba taratibu. Kama ipo lakini chini yake hakuna mstari wa "Kernel driver in use", kompyuta inaiona, kinachokosekana ni draiva. Kama draiva ipo na mtandao hauonekani, andika rfkill list: "Hard blocked: yes" mara nyingi maana yake ni swichi ndogo ya ubavuni au kitufe cha kibodi, si kadi.

Mwishoni mwa mstari ule wa kadi ya wifi kuna namba kwenye mabano ya mraba, mfano 14e4:4365. Nne za kwanza ni kiwanda: 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel. Nne za mwisho ni kifaa chenyewe, hapa BCM43142. Ukiwa na namba hizo, unaitafuta draiva moja, hata ya Windows, badala ya kumwaga mkusanyo mzima. Dakika kumi, bila kufuta hata picha moja ya mteja.

Wanaosita nao wana hoja. Printa za Canon LBP2900 zinatumia CAPT, lugha ya Canon yenyewe ya kuchapia, na draiva yake rasmi ya Linux ni ya zamani; kiprogramu chake cha nyuma, ccpd, kikisimama, printa inanyamaza. Epson L3110 inachapa vizuri kwa kifurushi cha printer-driver-escpr, lakini pedi inayonyonya wino wa ziada ikijaa, programu ambayo mafundi huresetia imeandikwa kwa Windows. HP LaserJet 1020 inahitaji hp-plugin, kipande cha ziada cha programu ya HP, na hiyo inataka intaneti. Hesabu za chama cha msingi zilizojengwa juu ya makro (amri za kujiendesha) za Excel zinaweza kuvunjika kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, na msimu wa korosho si wakati wa kugundua hilo. Kuna pia Secure Boot, ulinzi unaokagua programu wakati wa kuwasha: draiva ya Broadcom iliyojengwa nje ya kerneli inaweza kukataliwa hadi usajili ufunguo wake kwenye ile skrini ya bluu ya MOK baada ya kuwasha upya. Asiyejua huipita, kisha hulaumu Linux.

Hoja hizo ni za kweli, ila zote zinataja kifaa au kazi fulani. Hazitoshi kuhukumu kila mashine. Na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel Core, kizazi cha 8 kuendelea. Core i5 ya kizazi cha 4 yenye RAM ya GB 8, ambayo bado inachapa barua bila shida, imeachwa nje kwa kanuni, wala si kwa ubovu.

Basi mashine inayoresetia printa na ile ya hesabu zibaki na Windows. Ya kaunta, ya barua na emaili, iwekewe Mint baada ya kuijaribu kwa flashi pamoja na printa yake halisi, si kwa kudhani. Wifi ikikataa siku hiyo, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kugawa intaneti. Kerneli inaitambua kama kadi ya mtandao, bila kusakinisha chochote. Bando likiwa limeisha, iache flashi ya Mint ikiwa imechomekwa na ufungue Kidhibiti cha Draiva: ya Broadcom imo humo humo kwenye flashi.