Kufua dafu ni kufua nini hasa?

Timu ikifungwa "haikufua dafu", mgombea akikosa kura naye "hakufua dafu", msemo huu tunautumia kila siku na naona wengi wanadhani ni kufua kama kufua nguo. Hapana jamani. Kufua huku ni kutoa kumbi, lile ganda la nje lenye nyuzi, na kazi hiyo inafanywa kwenye kifuo, kijiti kigumu chenye ncha kali kilichochomekwa ardhini. Unaishika nazi kwa mikono miwili, unaipiga kwenye ncha, unaikandamiza huku unaisokota mpaka kumbi linaachia, unageuza upande wa pili, unarudia hivyo hivyo mpaka inabaki nazi na kifuu chake. Nazi ikikomaa kumbi lake limekauka kwa hiyo linaachia. Dafu sasa! Kumbi bado bichi, limeshiba maji, limeng'ang'ania, ndo maana dafu watu hulichonga kwa panga. Kwa hiyo ukiambiwa hufui dafu mbele ya fulani, mi naelewa kwamba umepewa kazi ngumu kuliko zote za kifuo.

Na huwezi kuupata utamu wa msemo huu kama kwako kila kitu ni "nazi". Tunda linaanza kidaka, likikua kidogo ni kitale, halafu dafu lenye maji matamu na nyama laini ya kukomba kwa kijiko, halafu koroma ambalo limeshapita udafu ila halijawa nazi, tui lake halina nguvu, ndipo nazi yenyewe, na ikikaukia ndani ya kifuu ni mbata, inayokamuliwa mafuta. Siku hizi kwenye mapishi ya mtandaoni naona "nazi changa" tu, sasa changa ipi, dafu au koroma? Mchuzi hauwezi kutoka sawa! Hili linaniuma kweli, maana maneno tunayo, mafupi na yanaeleweka.

Wareno wao tunda hili waliliita coco, jina la dubwana la kutishia watoto, kisa yale matundu matatu ya kwenye kifuu yanayofanana na uso, na Waingereza wakalichukua. Sawa, lakini hapo limetajwa sura tu, hujaambiwa limekomaa au bado.

Tanzania dafu limeingia hadi kwenye pesa, mtu anakwambia nalipwa kwa hela ya madafu, yaani shilingi, na hapo anaidharau kidogo mbele ya dola. Huo msemo siupendi sana ila lazima nikiri umekaa vizuri mdomoni.

Ninaoupenda kuliko yote ni nazi mbovu harabu ya nzima. Wengi wanausema kwa habari ya marafiki wabaya, sawa kabisa, ila anayekuna nazi kwenye mbuzi anaujua kwa pua: ukikunia nazi iliyooza kwenye bakuli lenye nazi nzuri iliyokunwa umemaliza, tui lote linanuka, huwezi kulitenganisha tena, ndo maana mpishi anaivunja, anainusa kwanza, hata kama ana haraka namna gani.